Peni Moja kwa Juma

Wanafunzi wangu wa hapa Msangano huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, Wamethodisti ni watu gani?" Wengi wao wamelelewa katika Kanisa la Moravian, na jina hilo kwao ni geni. Basi huwajibu kwamba ni jamaa zetu. Ng'ambo ya Tunduma, katika nchi ya Zambia, Wamethodisti waliungana na wengine mwaka 1965, likapatikana Kanisa la Umoja la Zambia. Huko pwani ya Kenya walifika Ribe mwaka 1862, mmoja wao akiwa Thomas Wakefield, naye Krapf ndiye aliyewaleta. Lakini ujamaa wenyewe ulianza zamani zaidi, tena baharini.

Mwaka 1736 padre kijana wa Uingereza, jina lake John Wesley, alikuwa merikebuni akienda Marekani. Ndani ya chombo hicho walikuwamo Wamoravian wa Ujerumani. Jioni moja walipokuwa wakiimba katika ibada yao, wimbi kubwa likaifunika merikebu, likapasua tanga. Waingereza wakapiga kelele za hofu, bali Wajerumani wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley akauliza kama wake zao na watoto wao hawakuogopa, akaambiwa kwamba hata hao hawaogopi kufa. Yeye aliyekwisha kuwekewa mikono akajiona hana imani ya namna ile. Hata tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo London, ndipo moyo wake ulipopata moto, akajua kwamba Kristo amemsamehe yeye mwenyewe. Nao Wamoravian ndio waliokuja Rungwe mwaka 1891, na baadaye Mbozi.

Wesley alifundisha nini? Neno lake kuu ni neema, tena neema kwa watu wote. Aliwapinga waliosema Mungu amewachagua wengine tu na kuwaacha wengine. Ninyi mnalijua bonde la Momba wakati wa kiangazi: ardhi ni ngumu kama sakafu, na jembe hurudi juu. Mvua ya kwanza ndiyo inayolainisha, wala mkulima hakuiita. Ndivyo neema inavyomtangulia mtu kabla hajamtafuta Mungu. Kisha mtu hutubu, huamini, husamehewa. Ndipo huanza kutakaswa, kazi ya siku nyingi kama palizi. Mfano wangu una upungufu, maana shamba haliwezi kuikataa mvua, na mtu aweza kuikataa neema. Wesley hakulisahau jambo hilo.

Lakini ninalolipenda zaidi katika habari zake ni jambo la fedha. Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Kapteni mmoja, Foy, akatoa shauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Wakamwambia wengi ni maskini, hawana hata hiyo. Akajibu kwamba apewe 11 walio maskini kuliko wote. Atawazuru kila juma, na asiyeweza, atamlipia yeye. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Basi viongozi walipokwenda nyumba kwa nyumba kukusanya peni, wakaona mengine: huyu mgonjwa, yule amegombana na mkewe, huyu amerudia ulevi. Wesley alipopata habari, akatambua kwamba hiyo ndiyo kazi ya uchungaji aliyokuwa akiitafuta. Tangu hapo kila Mmethodisti akawekwa katika darasa la watu 12 hivi, wenye kuulizana habari za roho zao. Kilichoanza kwa deni kikawa malezi.

Nasema hayo kwa sababu ya mama mmoja mjane wa huku kwetu. Katika kanisa moja ambalo sina haja ya kulitaja, majina ya wasiomaliza ahadi yalisomwa mbele ya watu, nalo jina lake likiwamo. Ulikuwa mwezi wa Februari, mavuno bado, na ghala za wengi zilikuwa tupu. Hakuonekana tena ibadani. Watu wakasema amerudi nyuma katika imani. Mimi nasema fedha ilitangulizwa mahali pa mtu, na Bristol ingalitufundisha tofauti.

Mzee mmoja wa kanisa, jirani yake, akaenda kwake siku ya Jumanne. Alimkuta akimwuguza mjukuu mwenye homa. Akaketi, akasali naye, akaenda kumtafutia baiskeli ya kumpeleka mtoto zahanati. Habari za ahadi hakuzigusa. Lakini katika bahasha ya mama yule alitia sarafu yake mwenyewe. Nalimwuliza kama amepata kusoma habari za Wesley. Akasema hajasoma, ila jina likikosekana majuma matatu, lazima mtu aende akaone mlango kama u wazi.

Jumapili ile mama hakuja. Alikuja ya pili yake na mjukuu mgongoni, akakaa nyuma kabisa.