Nimekunywa Dawa

"Dada, nimekunywa dawa. Mbona bado nakufa?"

Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Moyo ulinipasuka kwanza, ndipo nikakumbuka kwamba anazungumzia mchezo.

Mdogo wangu ana miaka 12 na ana selimundu. Ilikuwa Juni, Mbeya, baridi ya kuingia mifupani, na alikuwa na siku mbili tu tangu atoke wodini. Nilimtengenezea mchezo kwenye Roblox ili asiboreke: msitu, nyoka, chupa za dawa.

Nyoka akikuuma, fanksheni moja huanzisha uzi, yaani kazi inayoendelea pembeni huku mchezo ukiendelea. Uzi huo unakata pointi 5 za uhai, unasubiri sekunde moja, unakata tena. Ukinywa dawa, fanksheni nyingine inaufuta kwa task.cancel. Nilikuwa nimeujaribu mwenyewe na ukafanya kazi. Ila mimi niliumwa na nyoka mmoja. Yeye aliwakimbilia wawili.

Kosa lilikuwa langu. Nyuzi zote nilizihifadhi kwa jina moja. Nyoka wa pili alipouma, uzi mpya ulichukua jina lile, na ule wa kwanza ukabaki unatembea bila mtu wa kuushika. Dawa ilifuta wa pili. Wa kwanza ukaendelea kumla taratibu.

Nikarekebisha: kabla ya kuanzisha uzi, futa uliopo. Likazuka kosa jingine. Uhai ulipofika sifuri, uzi wenyewe ndio ulioita fanksheni ya kufuta, na programu ikagoma. Uzi unaotembea haujifuti. Unafutwa na mwingine wakati umesimama kusubiri. Kwa ndani unaandika return, unaisha wenyewe.

Alikaa kando yangu, blanketi mabegani, akitazama ninavyoandika.

"Kwa hiyo ilikuwa inaendelea tu, hata nikinywa?"

"Ndiyo."

"Kama mimi."

Mama nami tulizoea kumwambia, "Meza, utapona." Lakini haidroksiyurea anayomeza kila siku hupunguza mashambulizi ya maumivu tu, selimundu yenyewe alizaliwa nayo, na vidonge vile haviiondoi. Nilitazama kioo muda mrefu.

"Dawa yako haiufuti uzi," nikasema. "Inaurefushia muda wa kusubiri."

Akafikiri. "Kutoka sekunde moja mpaka ngapi?"

"Sijui. Ndiyo maana unameza kila siku."

Hakulia, kama nilivyoogopa. Alichukua kompyuta, akaingia msituni, akawatafuta nyoka watatu kwa makusudi. Akanywa dawa. Tukautazama mstari wa uhai pamoja, tukihesabu kimoyomoyo. Haukushuka.

"Huyu kapona," akasema.

Kisha akaniomba maji, ameze vidonge vyake vya jioni.