Binti Yetu na Mpira

Akina mama wenzetu, mwaka jana wakati wa palizi ya mpunga tulipata mgeni nyumbani kwetu Ifakara. Alikuwa mwanamume nadhifu, akasema yeye ni wakala wa wachezaji. Alikuwa amemwona binti yetu akicheza mpira wa miguu kwenye mashindano ya shule, naye alitaka kumpeleka ng'ambo. Binti ana miaka 15.

Lazima tukiri kwamba tulitamani. Baba alianza hata kuhesabu mabati. Shangazi mtu, ambaye siku zote husema kwamba si adabu msichana kukimbizana na mpira, siku ile alikaa kimya! Usiku tulisali, ila sala yetu iliomba fedha kuliko hekima.

Binti alimtaja Aisha Masaka. Mtanzania huyo aliondoka Yanga Princess mwaka 2022 akajiunga na BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akaenda Brighton ya Uingereza. "Mbona yeye ameweza?" alituuliza. Hatukuwa na jibu.

Mwalimu wake wa michezo ndiye aliyetufumbua macho. Masaka alicheza kwanza ligi ya nyumbani, akaondoka akiwa amekwisha kutimiza miaka 18. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya umri huo kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Sisi tuhamie wapi, na shamba la bondeni tumwachie nani? Isitoshe, mgeni alikuwa ameomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na fedha za pasipoti, nasi tulikwisha kutenga magunia mawili ya mpunga wa akiba tuyauze. Tukishikwa na baridi kila tukikumbuka!

Tulimwambia arudi baada ya miaka mitatu, binti akiwa amemaliza kidato cha nne. Hajapiga hodi tena.

Tuliuza gunia moja tu, tukamnunulia binti njumu. Alinuna siku nne, hata palizi alifanya bila kusema neno. Siku ya tano tulisikia mpira ukigonga ukuta wa jiko, pale pale plasta ilipobanduka. Safari hii hatukumkemea.