Mlima wa Kifusi na Minyaa ya Shangazi

Jumapili nimepanda Halde Haniel, pale Bottrop, Ujerumani, nimeteremka na donge kooni. Wanauita mlima, lakini ni kifusi cha mgodi: mawe meusi yaliyotoka chini pamoja na makaa, yakarundikwa miaka na miaka. Leo unapita kwenye kivuli. Miti myembamba yenye magome meupe imeshika kwenye mawe yale, na kando ya njia kuna vituo vya Njia ya Msalaba vilivyopambwa kwa zana za wachimbaji. Nilishika chuma kimoja chenye kutu, baridi kama maji ya alfajiri, nikamkumbuka babu.

Babu alichimba dhahabu Kiabakari, kwetu Mara. Mgodi ulipofungwa miaka ya 1960 alirudi kulima mtama, akabaki na taa yake ya kichwani na kikohozi. Nani alimuaga? Mgodi wa Prosper-Haniel, uliozaa mlima huu, ulipofungwa Desemba 2018, kipande cha mwisho cha makaa alikabidhiwa Rais Steinmeier mwenyewe, na wachimbaji wakifuta machozi.

Halafu kuna pampu. Ardhi ya huku imetitia kwa kuchimbwa, sehemu nyingine zaidi ya mita 20, kwa hiyo maji yanavutwa usiku na mchana, na yatavutwa milele. Mwaka 2007 waliunda wakfu wa kulipia kazi hiyo. Milele! Waliochimba wamekubali kwamba shimo ni deni.

Kwetu majani nayo yameota, sikatai. Ukitoka Bunda kwenda Musoma utaona miiba na ndulele zimefunika, utadhani pamepona. Nenda Buhemba uone. Dhahabu ikipanda bei vijana wanarudi kwenye marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, wanasaga upya, wanaosha kwa zebaki bila glavu. Siwalaumu, wana njaa ya leo. Ninachokasirikia ni maduara, mashimo ya wachimbaji, yanayoachwa wazi, hayana uzio wala kibao, nyasi zimeziba mdomo.

Na msiniambie kuponya machimbo ni mambo ya Wazungu wenye hela. Bamburi, hapo Mombasa, machimbo ya chokaa ya saruji yalikuwa jangwa jeupe. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda mivinje, kisha akaleta majongoo ili wale majani makavu yaliyogoma kuoza. Kinyesi cha jongoo kikawa udongo. Sasa ni msitu.

Nimempigia shangazi jioni ile ile. Mwaka jana mbuzi wake mwenye mimba alitumbukia kwenye duara nyuma ya boma, wakamsikia akilia siku mbili, hakuna aliyethubutu kushuka. Shangazi akakata matawi ya minyaa, akazungushia shimo lote kwa mikono yake.

"Imeshika, mwanangu," ameniambia. "Mvua hizi zikinyesha vizuri itafunga kabisa. Bado maduara mawili, yale ya njia ya watoto wa shule."