Kiwanja Kabla ya Ramani: Kurasa za Goba

Jumamosi, 9 Machi 2024

Leo tumekipima kiwanja cha Mama, Kulangwa, hapa Goba, Dar es Salaam. Upana wa mita 20 umefuata barabara. Urefu wa mita 30 unashuka kwenda mashariki, bondeni. Fundi kashika ncha moja ya mpira wa maji, mimi nyingine, tukateremka kipande kwa kipande na kamba. Jumla kinashuka mita 4 na nusu, yaani sentimita 15 kwa kila mita. Kutoka barabarani huoni kitu. Inabidi ushuke hadi mpaka wa chini, ugeuke utazame juu, ndipo unapojua una kiwanja cha aina gani. Nimemwomba Mama ashuke. Alishuka taratibu, akashika mwembe, akanyamaza kidogo.

Ramani anayo kwenye simu: vyumba vinne, bati limefichwa nyuma ya ukuta, sebule yenye vioo kutoka sakafuni hadi juu. Imechorwa kwa ajili ya kiwanja tambarare, popote pale. Tukiiweka kama ilivyo, mbele yake itatazama barabara, na barabara iko magharibi. Vioo vyote hivyo vitalipokea jua la alasiri mwaka mzima.

"Mwanangu, hii nimeshailipia," akasema. "Wewe nisaidie tu kuikalisha."

Kuikalisha maana yake ni hii. Nyumba ya mita 14 kwa 10 juu ya mteremko huu inatofautiana mita 1.5 kati ya ukuta wa juu na wa chini. Ili jamvi liwe sawasawa, unajaza kifusi karibu mita za ujazo 105. Kwa tipa la mita 7 hizo ni safari 15, bado hujashindilia, maana kifusi kikishindiliwa kinashuka na unaita tipa jingine. Msingi wa upande wa bondeni unapanda mita moja na nusu kutoka ardhini, unabeba udongo unaousukuma nje kila mvua inaponyesha, na unakula matofali na nondo ambazo hakuna mgeni atakayeziona. Goba nyumba za namna hii ni nyingi: pesa imekwisha ardhini, boma limesimama miaka bila paa, na msingi umepasuka pembeni.

Nimemwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi, akaikunja akaiweka kwenye pochi.

Jumapili, 17 Machi

Nimeshinda mezani na mistari ya kontua, nikimchorea Mama nyumba nyingine. Kiwanja kinataka vitu viwili vinavyogombana. Jua linataka nyumba ndefu iliyolala mashariki–magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kwa sababu huku kwetu, nyuzi 7 hivi kusini mwa Ikweta, ukuta wa kaskazini au kusini unakingwa na upenu tu, lakini wa magharibi haukingwi na upenu wowote. Mteremko nao unataka nyumba ilale kaskazini–kusini, ifuate kontua, ichimbe kidogo.

Nimeamua kuufuata mteremko, halafu jua nilijibu kwa mpangilio wa vyumba. Nyumba inakatwa katikati kwa urefu wake. Kipande cha juu kina kina cha mita 5, kipande cha chini mita 5, na kati yao kuna vidato vitano vya sentimita 15. Kwa hesabu hiyo kifusi kinapungua hadi nusu, mita za ujazo 52 hivi. Na tukichimba kidogo upande wa juu tukajazia upande wa chini, huenda tipa lisije kabisa.

Magharibi naweka vyumba ambavyo havilalwi: jiko, stoo, vyoo, na baraza refu mbele yake. Hivyo ndivyo vitakavyopigwa na jua la jioni. Tena pepo zetu zote mbili, kusi ikitoka kusini-mashariki na kaskazi ikitoka kaskazini-mashariki, zinaupeleka moshi na joto la jiko nje, mbali na sebule. Sebule na vyumba vya watoto viko chini, vinatazama bonde. Vinapata jua la asubuhi, mchana linahama, usiku vimeshapoa.

Mama hataki vidato, magoti yanamsumbua. Chumba chake basi kiko juu, pembe ya kusini, anaingia kutoka barabarani bila kupanda wala kushuka. Dirisha lake linatazama kusini. Ukuta wake wa magharibi hauna dirisha, umewekewa kabati la nguo. Ila sebule iko chini, na hapo ndipo atakaposhinda na wajukuu. Kidato cha sentimita 15 ni kifupi, na nitaweka kishikio pande zote mbili. Au baraza la juu liwe pana kiasi cha kuwa sebule ya pili. Nalipendelea hili la pili. Wazee wa pwani wameishi barazani siku zote.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua imenikuta kiwanjani, na nimefurahi kwamba imenikuta. Fundi amefunga kazi, tumejibanza chini ya bati la jirani tukitazama maji yanapita wapi. Kwenye ramani ya mpimaji hakuna mfereji wowote. Kwenye ardhi upo: maji yanashuka kutoka barabarani, yanaingia kiwanjani kwenye kona ya kaskazini, yanakata mshazari, yanatokea kwa jirani wa chini. Pale pale ndipo ramani ya simu ilipokuwa imeweka chumba cha kulala.

Fundi akasema, "Injinia, maji haya tukiyazibia hapa juu yataingia kwa yule pale." Kweli kabisa. Mtaro utazunguka nyumba upande wa juu, utashuka pembeni mwa mpaka wa kaskazini, na kabla haujachimbwa Mama aende na mjumbe wakaongee na jirani wa chini. Mteremko wote ule ni wa watu waliounganishwa na maji yaleyale, na kila anayemimina zege uani mwake anampelekea mwenzake mzigo.

Chini kabisa bondeni kuna vijiti vya mpaka vimeshachomekwa karibu na mkondo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Anayeuza pale anamuuzia mtu mwenye shida ya kweli ya makazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu Jangwani na mabonde mengine ya Msimbazi, wakapelekwa Mabwepande, na hapa kwetu mabonde madogo yanajazwa upya polepole.

Jumapili, 14 Aprili

Tumemalizia sikukuu ya Idi kwa shangazi, Magomeni. Watu walijaa, saa 8 mchana, na ndani hakukuwa na joto la kutukimbiza. Nimeitazama nyumba ile kwa makini. Korido imenyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, na milango yote miwili ikiwa wazi upepo unapita nyumba nzima. Mbele baraza, chini ya upenu. Nyuma uani, mahali pa kupika, kufua na kukaa usiku. Hakuna msanifu aliyesaini mchoro wake. Kwenye majumba ya mawe ya zamani, Zanzibar, Lamu na hata Boma la Kale hapa mjini, upana wa chumba ulitokana na urefu wa boriti za mikoko, mita 3 hivi, na wembamba huo ukarahisisha hewa kupenya upande hadi upande. Chumba chembamba chenye madirisha pande mbili ndicho ninachokitafuta Goba pia.

Kurudi tulipita Kariakoo. Soko lile alilolibuni Beda Amuli, likafunguliwa 1975, lina paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, na chini yake hewa inapita bila feni. Liliungua Julai 2021. Vijana wengi wanaokuja kwangu na picha za majumba ya nje hawajawahi kuambiwa kwamba Mtanzania alilichora soko hilo. Ningependa kila mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi alitazame lile paa mvua ikinyesha kabla hajachora nyumba yake ya kwanza.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetahadharisha tangu juzi. Kimefika Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Hapa upepo na mvua. Sijatoka, ila simu imeita asubuhi: Mwalimu wa Kinzudi. Ni mstaafu, nyumba yake ina umri wa miaka kama 20, na maji yameingia chumba cha nyuma.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Njoo uone, halafu tuzungumze habari ya gipsamu na vigae."

Nimeahidi kwenda mvua ikikatika. Wakati huo huo nimeichora upya kona ya paa la Mama. Bati la kuficha limeondoka rasmi. Paa lile mteremko wake ni mdogo, maji yake yanakusanyika kwenye mfereji uliofungwa ndani ya kuta, na kiwanja kina miembe miwili na mkorosho. Majani yakiziba mfereji huo usiku mmoja kama huu, maji hayana pa kwenda ila ndani, kwenye dari na kwenye ukuta. Paa la kawaida lenye upenu likizibwa gata, maji yanamwagika nje.

Jumamosi, 22 Juni

Kwa Mwalimu, siku nzima. Nilichomeka fito ya mita moja uani. Saa 6 na nusu mchana ilitoa kivuli cha sentimita 58 kuelekea kusini: jua la Juni liko kaskazini. Wajukuu walikuja kutazama, nikawaambia mwezi Desemba kivuli kitageuka upande wa pili na kitakuwa kifupi zaidi, karibu nusu ya hiki. Mwalimu akawaambia warudi Desemba na rula. Alikuwa akifundisha jiografia.

Upenu wa nyumba yake ni sentimita 30. Ukiwa sentimita 90, ukuta wa kaskazini unapata kivuli cha mita moja na nusu hata leo, siku mbaya kuliko zote kwa upande huo, na karibu dirisha lote linapona. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Saa 11 jioni upenu huohuo unakinga sentimita 30 hivi tu. Na huko magharibi ndiko viliko vyumba vyote vitatu vya kulala. Nimegusa ukuta saa 12, bado wa moto. Ndiyo maana watoto wanalala sebuleni kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo maana Mwalimu anafikiria kununua kiyoyozi.

Dari limeshushwa, na kati yake na bati hakuna tundu hata moja. Hewa ya moto imekaa humo kama chakula kwenye hotipoti. Nyuma, jirani wa juu amesakafia ua wake wote, kwa hiyo mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo sasa inafika kwa Mwalimu yote, kwa mkupuo.

Mwenyewe naye anataka kusakafia ua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kwa Mama msingi wa kipande cha juu umefika usawa wa jamvi. Hakuna tipa la kifusi lililoingia. Udongo uliochimbwa juu umejazwa chini kwa matabaka, ukamwagiwa maji na kushindiliwa, na ukuta wa kuzuia udongo umeachiwa matundu ya kupitisha maji. Jirani wa chini alikubali mtaro upite mpakani kwa sharti la kuujengea mawe hadi mwisho, sharti la haki. Mwembe wa magharibi umebaki, nimelisogeza baraza kwa ajili yake. Paa la nyumba pamoja na upenu litakuwa mita za mraba 186: mvua moja ya milimita 50 inashusha lita 9,300. Kwa mwaka wenye milimita 1,100, hata ukitoa zinazopotea, ni lita zaidi ya 160,000. Mahali pa tanki pameachwa upande wa juu, maji yashuke yenyewe hadi bustanini.

Jioni nilikaa na Mwalimu na mkewe, tukagawa akiba yao. Vuli imekaribia. Tumekubaliana hivi: pesa ya kwanza ni mtaro wa nyuma, uchimbwe wiki hii kabla ya mvua. Ya pili ni matundu ya hewa kwenye dari na paa, pamoja na kurefusha upenu. Ya tatu ni baraza la magharibi, lenye matofali ya matundu na mimea ya kutambaa. Uani tunaacha udongo, tunapanda mwarobaini mmoja upande wa jioni, na njia ya kupita tu ndiyo itakayowekewa mawe. Vigae na gipsamu vitasubiri mwakani. Kiyoyozi hakihitajiki.