Barua kutoka Nundu: Huku Tunashika Kulia

Mjomba,

Nimefika Nundu, huku Kongo, salama, namshukuru Mungu. Nililala Baraka usiku mmoja, na kulipokucha nikapanda moto, ndivyo huku wanavyoiita pikipiki. Tukapita Lweba, tukapita Lusenda kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Barabara ya Taifa Namba 5 unaijua, ni vumbi kiangazi na utelezi masika. Kijana aliyenibeba alikuwa na kofia ngumu, lakini ilikuwa moja tu, ya kwake. Mimi abiria nilikuja kichwa wazi, na sikupenda. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na kwa mpanda pikipiki, kofia ndiyo kinga ya kwanza ya ubongo.

Uliniagiza niangalie madereva wa huku wanajifunzaje. Nimeuliza wamotari, yaani waendesha moto, wengi kijiweni. Karibu wote jibu ni moja: alinifundisha kaka yangu, siku mbili uwanjani, ya tatu nikabeba abiria. Shule ya udereva hawajaiona. Lakini simu wanazo, Mjomba. Hata yule ambaye tairi lake limebaki kipara ana simu yenye kioo na kadi ya memori.

Jumapili baada ya ibada nikakuta wanane wamekaa chini ya mwembe, mmoja ameegemeza simu kwenye tangi la moto. Kioo kimepasuka pembeni, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Wanatazama video ya mafunzo ya bodaboda, kwa Kiswahili kizuri cha kwenu Tanzania. Walikuwa wameipata kwa kurushiana kutoka simu hadi simu, maana mega za intaneti ni ghali. Nilifurahi sana, nikasema hii ndiyo shule yenyewe. Mwalimu ndani ya video akasema, "Ukifika kipilefti..." Mmoja akauliza kipilefti ni kitu gani. Nikamweleza ni mzunguko wa magari, na neno lenyewe asili yake ni Kiingereza, maana yake shika kushoto. Wote wakanigeukia. Yule mwenye simu akasema, "Lakini sisi tunashika kulia."

Hapo ndipo nilipoona shida ilipo. Video nyingi za Kiswahili za kufundisha udereva zinatoka Tanzania na Kenya, na huko watu wanaendesha kushoto. Kongo, Burundi na Rwanda ni kulia. Kijana wa Nundu akikariri video ile kama ilivyo, atajifunza kutazama upande usiofaa kabla ya kuvuka, na kumpita mwenzake upande wa hatari. Na tayari njia hii ina magari mengi yenye usukani wa kulia. Dereva wake akitaka kupita lori, haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari nje. Kosa la upande ni dogo kulitamka, barabarani ni kifo.

Somo la breki nalo lilizua ubishi. Video ilionyesha lami, ikasema breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ni kweli, uzito mwingi unakuja mbele pikipiki inapofunga breki. Lakini mzee mmoja wa kijiwe akainuka, akachora kwa kijiti kwenye vumbi: kwenye changarawe ukiikaba ya mbele ghafla, tairi linateleza na unalala chini. Punguza mwendo mapema, kamata zote mbili taratibu, moto iwe imesimama wima. Nikamwomba arudie, nikamrekodi akishuka kilima na abiria nyuma. Dakika mbili tu. Kabla jua halijazama, video hiyo ilikuwa kwenye simu zote nane.

Wakubwa wana mambo yao na nayaheshimu. Huko kwenu mamlaka ya usafiri, LATRA, inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa kifaa, Rwanda wanafanya mtihani wa nadharia kwenye kompyuta, Kampala kampuni ya SafeBoda iliunganisha simu, mafunzo na kofia. Nundu haiwezi kungoja hayo yafike. Inahitaji masomo mafupi ya Kiswahili na Kibembe, yaliyopigwa kwenye njia hii hii, yanayoshika kulia, mepesi kiasi cha kurushwa bila intaneti. Na somo la kwanza liwe la kuzima simu yenyewe wakati wa kuendesha, maana nimeona mtu akijibu ujumbe katikati ya daraja.

La pili liwe la Sange. Unakumbuka tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka pale kaskazini mwa Uvira? Wengine walikimbilia kuchota, wengine walikuwa ndani wakitazama Kombe la Dunia. Mafuta yakawaka, na moto huo ukaua watu zaidi ya 230. Somo lake linaingia katika sekunde kumi: lori la mafuta likianguka, kimbia mbali, na uwafukuze watoto.

Sasa nakuomba, Mjomba. Wewe umeendesha malori miaka mingi, Kigoma hadi Bujumbura hadi Uvira. Pale Manyovu ulikuwa ukivuka mpaka unahama kutoka kushoto kwenda kulia, na hujawahi kugonga mtu. Hakuna anayeweza kuwaeleza vijana hawa jambo hilo vizuri kuliko wewe. Mwambie mjukuu akufungulie simu, bonyeza alama ya kinasa sauti, useme polepole ulivyokuwa ukijizoeza: jicho linatazama wapi kwanza, mkono unafanya nini. Dakika tatu zinatosha. Wanakutana tena Jumapili ijayo chini ya mwembe, nami nimewaahidi sauti yako.