Saa ya Hari ni Saa ya Kubisha Hodi



Tangu Desemba pepo za kaskazi zinavuma katika pwani yetu, na pamoja nazo limekuja lile fukuto ambalo mkazi wa Dar es Salaam analijua bila kuelezwa. Sasa tumeingia Machi, wakati ambapo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi hasa, hata mtu aliyesimama hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Kipimajoto huonyesha nyuzi 32 au 33, na mgeni aliyesoma habari za nchi zenye nyuzi 45 huweza kudhani kwamba tunadeka. Hatudeki. Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikishajaa unyevu wa bahari, jasho halikauki, hutiririka bure, na moyo huendelea kupiga kwa nguvu kujaribu kazi isiyofanikiwa.

Sisi tuliozaliwa nyanda za juu za kusini, ambako mwezi Juni watu huamkia mekoni kuota moto, tulihitaji miaka kadhaa kuizoea hali hii. Mwenye kutaka kutuelewa na avae alba na kasula katika Misa ya saa nne, chini ya bati, umeme ukiwa umekatika. Wapo waamini walioomba kwa heshima kwamba msimu huu mahubiri yafupishwe. Ombi lao limefika, na tunalitafakari kwa kina.

Lakini tukiacha utani, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo lililo zito. Joto haliwapati wote sawasawa. Wazee wetu wa pwani walijenga kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, au kwa udongo na makuti, wakaweka baraza mbele na ua nyuma ili upepo upate njia. Leo wengi wetu tunaishi katika vyumba vya matofali vilivyobanana, bati likiwa juu bila dari, dirisha moja likitazama ukuta wa jirani. Bati hilo hupokea jua mchana kutwa na kulitoa ndani ya chumba. Mwenye nafasi huwasha kiyoyozi, na mwenye kiasi huwasha feni. Asiye na kitu hupepea kwa kipande cha boksi. Tena wapo ambao hata wa kuwaletea kikombe cha maji hawana.

Ijumaa iliyopita, katika mzunguko wetu wa kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu, tulifika nyumbani kwa bibi mmoja aliyevuka miaka sabini. Ilikuwa saa nane mchana. Tulikuwa na mama mmoja wa Jumuiya, ambaye alibisha hodi mara tatu kabla ya kusikia sauti. Chumba kilikuwa kama tanuri. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari tangu mwaka jana kwa kuogopa vibaka. Bibi alikuwa ameketi kitandani, midomo imekauka, ngozi ina moto, naye alituita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Pembeni palikuwa na dumu la maji limejaa mpaka shingoni.

"Bibi, mbona hujanywa maji?" mama yule aliuliza.

"Nimefunga, mwanangu. Ni Ijumaa ya Kwaresima."

Tulimtoa tukamkalisha chini ya mwembe uani. Mama alilowesha khanga akamfunika mabegani na kumpepea, nasi tukamnywesha maji kidogo kidogo mpaka bajaji ilipofika kumpeleka zahanati. Tunamshukuru Mungu kwamba jioni yake alikuwa amekwisha kupata fahamu zake sawasawa, na siku ya pili alitulalamikia kwamba tumemvunjia mfungo. Ametupa ruhusa kusimulia habari hii bila kutaja jina lake. Watoto wake ni watoto wema. Wanafanya kazi mikoani, na kila mwezi humtumia fedha kwa simu bila kukosa. Fedha ilikuwepo, maji yalikuwepo, imani ilikuwepo tele. Kilichokosekana saa nane ile ni mtu.

Kwanza, basi, tusahihishe jambo la mfungo, kwa sababu tunaamini bibi yule hayuko peke yake. Kanisa linatuwajibisha kufunga siku mbili kwa mwaka, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na wajibu huo huwahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoingia mwaka wao wa sitini. Mzee aliyevuka umri huo, mgonjwa, mama mjamzito na anayenyonyesha hawawajibiki. Tena, maji hayavunji mfungo huo, wala dawa. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haihesabu maji wala dawa, na kwa wazee na wagonjwa sheria imelegezwa zaidi. Mzee anayetaka kumtolea Mungu sadaka katika joto hili na atoe sala, msamaha, au uvumilivu wa maumivu ya magoti. Maji na anywe. Na anywe hata kama hasikii kiu, kwa maana kadiri umri unavyosogea kiu hupungua, ingawa haja ya mwili ya maji ni ileile.

Pili, tuutazame upweke wenyewe. Joto lina tabia ya kuwatafuta walio peke yao, na jambo hili limeonekana hata katika nchi tajiri. Mwezi Agosti 2003 hari kali ilizikumba nchi za Ulaya Magharibi. Ufaransa peke yake ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, na hesabu iliyofanywa baadaye kwa Ulaya nzima ilivuka 70,000. Agosti huko ni mwezi wa likizo: wengi walikuwa wamekwenda kupumzika, na wazee walibaki katika vyumba vya ghorofani. Tarehe 3 Septemba 2003, katika makaburi ya Thiais karibu na Paris, walizikwa watu 57 ambao hakuna jamaa aliyejitokeza kuwachukua. Rais Jacques Chirac alihudhuria. Rais wa nchi alikuja kuwasindikiza watu ambao hawakuwa na mtu wa kuwaletea kikombe cha maji.

Miaka minane kabla ya hapo, Julai 1995, joto lilikuwa limeupiga mji wa Chicago, Marekani, na waliokufa walizidi 700. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ikiwa na maskini na wazee wengi wanaoishi peke yao. Katika mtaa mmoja vifo vilikuwa takriban mara kumi ya vile vya mtaa wa pili. Mtaa ulionusurika ulikuwa na maduka, njia zenye watu, makanisa yaliyo hai, na mzee aliweza kutoka nje bila hofu. Katika mtaa ule mwingine maduka yalikuwa yamefungwa, watu wamehama, na wazee walijifungia milango na madirisha kwa kuogopa wahalifu. Tuliposoma habari hizo tulilikumbuka dirisha lile lenye misumari.

Ufaransa ilijifunza. Sheria ya mwaka 2004 iliwataka mameya waweke orodha ya wazee na walemavu wanaopenda kujulikana, ili joto linapopanda wapigiwe simu au watembelewe. Ni sheria njema. Lakini tujiulize: sisi, tulioamini tangu miaka ya 1970, maaskofu wetu wa Afrika Mashariki wakituongoza, kwamba Kanisa linaishi katika Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumba kwa nyumba, je, tunahitaji sheria ya serikali ili tujue kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajaonekana barazani tangu jana?

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Abrahamu ameketi mlangoni pa hema lake wakati wa hari ya mchana. Ni saa ambayo kila mwenye akili hujificha kivulini asitake kusumbuliwa. Ni saa hiyohiyo wageni watatu walipotokea. Mzee yule wa miaka tisini na tisa hakujifanya amelala. Alipiga mbio kuwalaki, akawaletea maji ya kunawa miguu, akawaketisha chini ya mti, Sara akaoka mikate. Nasi tunajua ni Nani aliyekuwa amekuja kumtembelea. Vivyo hivyo katika Injili ya Yohane, sura ya 4, Bwana wetu ameketi kisimani saa sita mchana, amechoka na safari, na neno lake la kwanza kwa mwanamke Msamaria ni kuomba maji. Basi, tusishangae iwapo saa ya hari ndiyo saa anayopenda kutujia. Huenda sasa hivi yuko katika chumba cha bati mtaa wa pili, midomo yake imekauka.

Wapo pia wanaoungua si kwa upweke bali kwa kazi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Ni kweli kwa wengine. Lakini tunawaona vibarua wa zege, vijana wa bodaboda, wamachinga, na mama lishe aliyesimama kati ya jua na jiko la mkaa: hao huchumia juani na kulia juani. Wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo walilalamika kwamba wamebeba uzito wa mchana na hari yake. Mara nyingi tunahubiri juu ya mshahara wao na kuwaona wenye wivu. Tusisahau kwamba hari waliyoitaja ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo tumekubaliana na mafundi wanaojenga ukumbi wa parokia kwamba msimu huu kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi, isimame saa sita hadi saa tisa, na maji ya kunywa yawe juu ya parokia. Waamini wenye vibarua, wafanyakazi wa ndani au walinzi, tunawaomba mfanye kadiri mnavyoweza. Mlinzi anayekesha getini kwako huenda akirudi kwake mchana hapati usingizi kwa joto.

Hatuna budi pia kusema kwamba misimu hii inazidi kuwa mikali. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, na Machi mwaka huohuo Sudan Kusini ililazimika kufunga shule kwa sababu ya hari. Papa Fransisko alitukumbusha mwaka 2015, katika waraka wake Laudato Si', kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hakitengani. Bibi yetu hakuwahi kumiliki gari wala kiyoyozi, lakini yeye ndiye aliyezidiwa. Sisi tuwezacho hapa mtaani ni kuacha kukata mwembe na mwarobaini kila tunapopata kiwanja. Mti ule uani ulifanya kazi kabla bajaji haijafika.

Sasa tunaziomba Jumuiya zetu mambo machache. Jumamosi hii, baada ya somo na sala, andikeni majina ya wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, na akina mama waliojifungua karibuni. Msiulize dini. Ndugu zetu Waislamu, ambao miaka hii mfungo wao unakaribiana na wetu, wana wazee kama tulio nao sisi. Kila jina lipewe watu wawili, mmoja akiwa kijana. Wabishe hodi kati ya saa saba na saa kumi, wasingoje jioni. Wafungue dirisha, wakae kidogo, wamuone mzee akinywa maji kwa macho yao. Watoto wachanga walio chini ya miezi sita wasipewe maji: wanyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mwenye dawa za shinikizo la damu asiziache kwa uamuzi wake, bali amwulize daktari. Na mkimkuta mtu ngozi imewaka moto, anazungumza yasiyoeleweka au analegea, msidhani amechoka tu. Mpelekeni kivulini, mloweshe kwa maji, mpepeeni, na mkimbizeni hospitali mara moja. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Usiku wa joto bila umeme, khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikatandazwa kifuani, husaidia kuliko tunavyodhani.

Masika iko njiani, na tunaiombea ije kwa heri. Mpaka itakapofika, kila aendaye Misa ya jioni apitie nyumba moja kwanza. Orodha zenu tutazipokea ofisini kuanzia Jumatatu asubuhi, na zahanati yetu imekubali kumpokea kila atakayeletwa kwa joto bila kuanza na habari za malipo.

Bwana awe kivuli chenu mkono wenu wa kuume. Tunawatakieni juma jema la Kwaresima.

Paroko wenu.