Barua za Liuli

Kwa miaka kadhaa mwalimu mmoja mstaafu wa Mbinga alikuwa na ada moja ya alfajiri: kuwasha kompyuta, kuiamuru programu ya barua pepe ifunguke, kisha kuinuka kwenda kuteleka birika. (Mbinga kahawa ni ya kuuza, ya kunywa ni chai.) Maji yalichemka, majani yakaiva, na kioo kingali cheupe. Wanawe walimsihi anunue mashine mpya. Hakununua.

Jumamosi moja alikuja mjukuu wa jirani, binti aliyesomea ufundi Songea. Akaamkia, akaketi, wala hakuwahi kuilaumu mashine. Aliikata kwanza na mtandao, asije akawa anailaumu programu kwa kosa la mnara, ikachelewa vilevile. Akaifungua bila viongezo vyake. Hali ikawa ile ile. Ndipo alipolitafuta faili la kikasha chenyewe. Programu ile, Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, kwa kawaida huzitunza barua za kikasha kimoja ndani ya faili moja, zikifuatana kama shanga katika uzi, na kando yake huweka faili dogo la faharasa. Barua zilizoonekana hazikutimia mia nne. Faili lilikuwa limevuka gigabaiti tatu.

“Babu, kuna barua ulizifuta?”

“Nyingi.”

“Hazikufutika.”

Akamweleza. Barua ikifutwa hutiwa alama tu, ikafichwa machoni. Huondoka kweli pale faili linaposhindiliwa. Wafasiri wengine husema kubana, lakini anayejua gunia la buni atachagua kushindilia. Mara kwa mara programu ilikuwa imemwomba mwalimu ruhusa ya kazi hiyo, naye, kwa kutoelewa alichoulizwa, alijibu hapana. Hivyo matangazo na picha za miaka yote zilibaki humo.

Pamoja nazo zilibaki barua kumi na moja za mdogo wake. Huyu alikuwa ameoa Unyasa na kuhamia Liuli, wakagombana juu ya mibuni aliyoiacha mama yao. Kila barua ilipoingia kutoka ziwani, mkubwa aliifuta bila kuisoma. Kisha mdogo akafariki.

Liuli ndiyo iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo, ikaja Guendolen ya Waingereza kuipiga mizinga. Nahodha Berndt alitoka kwa mashua akimfokea Rhoades, nahodha wa Guendolen, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye. Habari ya vita ilikuwa bado haijamfikia. Mwalimu alikisomesha kisa hiki miaka mingi, na darasa zima likicheka, naye akicheka nalo. Jumamosi ile alikitaja tena, kwa sauti ndogo, na binti hakujua kwa nini.

Binti alinakili faili lote katika flashi kabla ya kugusa lolote. Akalifungua katika programu ya maandishi matupu, akazitafuta barua za Liuli moja moja, akazibadilishia alama, akaiondoa faharasa ya zamani ili programu ijitungie nyingine. Safari hiyo ilichelewa kuliko siku zote. Kisha zikatokea, kumi na moja, kwa herufi nzito za barua zisizosomwa.

“Nishindilie sasa, Babu? Hizi hazitaondoka, yataondoka yale mengine.”

Akamwomba asubiri. Alisoma hadi jua likazama nyuma ya milima ya upande wa ziwa. Katika ya tisa mdogo wake alikuwa amemwachia mibuni yote, akaomba jibu tu, hata la neno moja.

Faili lilishindiliwa usiku ule. Siku hizi programu hufunguka kabla mwalimu hajainuka kitini. Huinuka vilevile, akaenda kuteleka birika.